Jalada Halikusikia

Baba yangu, Mzee Luhende, aliacha ng'ombe wachache, jembe la kukokotwa na kesi. Ng'ombe tuligawana bila kelele. Jembe alichukua kaka yangu. Kesi hakuna aliyeitaka, kwa hiyo kikao cha ukoo kikaniteua mimi, Nyamizi, kuwa msimamizi wa mirathi. Wakanipigia makofi, wakala wali wangu, wakaondoka.

Kesi yenyewe ni ya majaruba ya mpunga, hapa hapa Majimoto, upande wa bondeni. Baba alisema ni yake yote mpaka kwenye mfereji. Jirani yetu, Mzee Manyanda, alisema ni yake yote mpaka kwenye njia ya ng'ombe. Baraza la ardhi, ambalo silitaji jina kwa sababu sitaki kesi nyingine, likampa Baba. Manyanda akakata rufaa, Mahakama Kuu ikampa yeye. Baba naye akakata rufaa kwenda Mahakama ya Rufani, na ukishafika huko umefika, nchi hii haina mahakama nyingine juu yake. Alifariki akiisubiri.

Na miaka yote hiyo lilikuwepo zuio. Baraza lilisema asiguse mtu majaruba yale mpaka kesi iishe, na kila tulikopanda juu walituambia zuio libaki. Ardhi nyeusi, maji yanaingia yenyewe, na inaota magugu mbele ya macho yangu huku mimi nalima vijaruba vya kukodi kule juu kwenye changarawe. Nilikuwa napita pale kila siku kwenda sokoni, na kila siku nilikuwa nakasirika upya, kama mtu anayepasha kiporo.

Kwa hiyo tulipopata taarifa kwamba Mahakama ya Rufani itakaa Sumbawanga mwezi wa pili, na rufaa yetu imo, nilifanya jambo ambalo kila mkulima wa mpunga atanielewa. Nilimwaga kitalu. Si kitalu kidogo cha kujaribu bahati. Kitalu cha kutosha majaruba yale yote.

Mche wa mpunga haubembelezwi. Ukichelewa kuuhamisha unakomaa kitaluni, unatoa pingili, na ukija kuupanda unanuna mpaka mavuno. Nilipiga hesabu zangu vizuri: majaji wanasikiliza, wananipa, narudi, napanda. Nilichotaka ni hicho tu. Kupanda majaruba yale msimu huu, miche ikiwa bado michanga.

Siku moja nikipita karibu na kwa Manyanda nikaona kwenye uwanja wake kijani kibichi kinachong'aa. Kitalu. Kikubwa kuliko changu.

"Shikamoo Mzee," nikamwambia, maana awe adui asiwe adui, ni rika la baba yangu. "Kitalu hicho ni cha wapi?"

"Marahaba. Na cha kwako wewe ni cha wapi?"

Nikashika njia yangu ya sokoni.

Tulikwenda Sumbawanga kwa basi moja. Hapakuwa na jinsi, ukitoka kwetu unachukua pikipiki mpaka Kibaoni, pale unasubiri basi linalotoka Mpanda, na ukilikosa umelikosa. Tukafikia hata nyumba moja ya wageni. Asubuhi ya kesi tukakutana bombani tukinawa uso, nikampa shikamoo yake, akaniitikia, tukaenda mahakamani kila mmoja upande wake wa barabara.

Nilikuwa nimejiandaa. Wakili mmoja wa Mpanda alikuwa amemwandikia Baba sababu za rufaa, nami nilizisoma mpaka nikazijua kama sala. Mipaka ya zamani. Mashahidi walioshuhudia mfereji ukichimbwa. Jinsi Mahakama Kuu ilivyomwamini shahidi wa Manyanda ambaye mwaka huo unaosemwa alikuwa bado hajahamia Majimoto. Nilikuwa na hamu ya kuyasema hayo yote mbele ya watu wenye akili.

Wakaingia majaji watatu, tukasimama, tukakaa. Jaji wa katikati alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti ya upole. Akaniuliza kama niko tayari. Nikasema niko tayari sana.

"Kabla hatujasikiliza sababu zako za rufaa," akasema, "kuna jambo sisi wenyewe tumeliona kwenye kumbukumbu za kesi. Kule barazani mwenyekiti alikaa na wajumbe wawili, mama Suzana na bwana Silvester. Sheria inataka wajumbe watoe maoni yao, na maoni hayo yasomwe mbele yenu kabla mwenyekiti hajatoa uamuzi. Maoni tunayaona humu. Hatuoni popote kwamba mlisomewa. Unasemaje?"

Nikashukuru Mungu. Swali rahisi kuliko yote niliyoyaogopa.

"Waheshimiwa, tulisomewa. Nilikuwepo."

"Lini?"

"Siku baraza lilipokuja kukagua shamba. Kijiji kizima kilikuwepo."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ile mvua ilikuwa inanyunya. Wakazunguka mipaka, wakapima kwa hatua, na walipomaliza, mwenyekiti akasema kwa kuwa wote tupo, na kwa kuwa mama Suzana ana safari ya msibani, maoni yasomwe palepale ili tusipotezeane muda, naye ataandika akifika ofisini. Jalada lilikuwa ndani ya gari lisilowe. Mama Suzana akapanda juu ya tuta kubwa la katikati, akasoma kwa sauti ya mwanakwaya, sauti iliyofika mpaka kwa waliokuwa wananyweshea ng'ombe mtoni. Silvester akasema anaunga mkono. Mwenyekiti akapanda gari akaenda. Alipofika ofisini, sijui alikunywa chai, sijui alipigiwa simu. Hakuandika.

Nikawaeleza majaji hayo yote. Wakanisikiliza bila kunikatiza.

"Kumbukumbu hazionyeshi," akasema jaji wa kushoto, mwembamba, mwenye miwani.

"Mheshimiwa, hazionyeshi, lakini yalisomwa."

"Mjibu rufani," jaji mama akamgeukia Manyanda, "unasemaje juu ya hili?"

Manyanda akasimama. Nikajua yamekwisha, huyu atakana, maana tangu nimfahamu hajawahi kukubali neno lililotoka mdomoni mwa mtu wa kwetu. Hata Baba angesema leo Jumatatu, yeye angeanza kwanza kuhoji kalenda.

"Waheshimiwa, anachosema binti huyu ni kweli," akasema. "Yalisomwa. Mimi nilisimama hapa, baba yake akasimama hapa." Akaonyesha kwa mikono kana kwamba tuta liko mbele ya meza ya karani. "Mama Suzana alisema majaruba ya juu yawe ya Luhende, ya chini yawe yangu."

"Na tuta kubwa liwe mpaka," nikaongeza.

"Na tuta kubwa liwe mpaka," akakubali. "Asilipunguze mtu. Mwenyekiti ndiye hakuyafuata, akampa Luhende yote."

Majaji wakatazamana. Nafikiri jaji mama alitaka kutabasamu akajizuia. Walikuwa na wadaawa wawili ambao hawajakubaliana jambo tangu kesi ianze, na hapa, mbele ya mahakama ya juu kuliko zote, tunasaidiana kukumbuka kama mtu na mdogo wake.

"Mnaona, waheshimiwa," nikasema. "Hata yeye anasema. Na mama Suzana yu hai, anauza dagaa soko la Majimoto. Nikimpigia simu sasa hivi anapokea."

"Hapa hatupokei ushahidi mpya, mama," akasema jaji mwenye miwani. "Sisi tunasoma kilichoandikwa. Leo nyinyi mnakubaliana. Kesho watakuja wengine, mmoja anasema yalisomwa, mwingine anasema hayakusomwa. Tutamwamini nani? Ndiyo maana kuna kumbukumbu."

Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba alikuwa na haki. Ningekuwa mimi kwenye kiti chake ningesema hivyohivyo. Unaweza kumkasirikia mtu anayekuonea, ukapumua. Mtu mwenye haki anayekuambia kwa upole kwamba jua lililokuchoma halikuwaka, utamfanyaje?

"Mjibu rufani, una la kuongeza?"

"Naiachia Mahakama," akasema Manyanda, akakaa.

Wote waliotutangulia asubuhi ile, wasio na mawakili, walimaliza hivyo. Ukiulizwa jambo la sheria usilolijua unaiachia Mahakama, ni adabu, na pia ni kuchoka. Mimi nilikuwa na la kuongeza. Nikawaambia kuwa baba yangu alikufa anauliza kesi imefikia wapi. Nikawaambia kitalu kiko kijani na miche haisomi kumbukumbu. Nikasema kama kosa ni la mwenyekiti wa baraza, mbona anayeadhibiwa ni mimi, yeye akiwa amestaafu anafuga kuku?

Jaji mama akasema, "Pole sana, mama Nyamizi. Tumekusikia."

Nikaona nitalia, na kulia mbele ya Manyanda sikutaka. Nikasema naiachia Mahakama.

Tukakaa Sumbawanga kungojea uamuzi, kila mtu na baridi yake. Mvua ilinyesha, na mimi kila nikiiona nawaza kitaluni kwangu. Uamuzi ukaja kabla majaji hawajamaliza kikao chao. Aliyetusomea ni naibu msajili, kijana nadhifu mwenye tai. Ilikuwa kama nilivyoogopa. Maoni ya wajumbe hayakuonekana kusomwa kwa wadaawa, kasoro hiyo inagusa mzizi, kwa hiyo mwenendo wote wa baraza umefutwa, hukumu ya baraza imefutwa, hukumu ya Mahakama Kuu iliyosimama juu yake imefutwa. Anayetaka afungue upya, mbele ya mwenyekiti mwingine na wajumbe wengine. Kila upande ubebe gharama zake.

"Kwa hiyo majaruba ni ya nani?" nikamuuliza.

"Mahakama haijaamua hilo, mama."

"Miaka yote hii?"

"Kisheria ni kama kesi haijasikilizwa."

Kama haijasikilizwa! Baba alikwenda na kurudi na fimbo yake mpaka ikaisha ncha. Nikasimama pale koridoni nimekasirika mpaka nikashindwa kujua nimkasirikie nani. Halafu likanijia swali.

"Na zuio je? Lile la baraza, la kutogusa shamba?"

Naibu msajili akaangalia ukurasa wake. "Mimi si wakili wako, mama, siwezi kukushauri. Nakusomea tu. Mwenendo wote, pamoja na hukumu na amri zote zilizotokana nao, vimefutwa."

"Amri zote."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Nikageuka. Mzee Manyanda alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia mkononi, na nilimwona usoni kwamba amesikia kama nilivyosikia mimi.

Hatukukimbia, tu watu wazima. Lakini tulitembea kwenda stendi kwa namna ambayo watu walitupisha. Ndani ya basi akakaa mbele, mimi nyuma. Nikamtumia ujumbe Odeta, shoga yangu aliyeolewa huku kutoka Katumba: *Kesho alfajiri ng'oeni miche. Kusanya akina mama. Usimwambie mtu.* Manyanda hana mambo ya ujumbe. Alipiga simu kwa mkewe, akanong'ona kwa Kisukuma kwamba wang'oe kitalu chote alfajiri na asijue mtu, tena akanong'ona kwa nguvu kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika, akisahau kwamba binti wa Luhende si Mfaransa.

Kibaoni tukashuka kwenye mvua. Kijiwe cha bodaboda kilikuwa kitupu, amebaki Maiko peke yake na pikipiki yake chini ya bati.

"Majimoto," nikasema.

"Majimoto," akasema Manyanda.

"Si mnakwenda pamoja? Pandeni," akasema Maiko.

"Maiko, huyu nina kesi naye."

"Shangazi, kesi mmeiacha Sumbawanga. Pikipiki ni hii, na mimi nikiondoka sirudi leo."

Tukapakizwa mshikaki. Manyanda katikati, mimi nyuma. Nilishika koti la mjibu rufani kupita matope yote mpaka Majimoto, na kila tulipoteleza alinyoosha mkono nyuma kunizuia nisianguke, bila kugeuka. Tuliposhuka nikamwambia asante kwa sababu nililelewa, nikaenda nyumbani kwangu nimejaa hasira kuliko nilivyoondoka.

Alfajiri nilifika bondeni nikiwa na Odeta na akina mama, miche imefungwa mafungu vichwani. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikipanda kwanza, nikapanda yote, atakayekuja ataning'oa na mimi humo humo. Miche ilikuwa imeanza kutoa pingili, lakini ilikuwa bado ina uhai. Tulitokea upande wa juu. Tulipokaribia, Odeta akasimama.

"Wewe Nyamizi. Hebu angalia kule."

Kule chini, upande wa mfereji, walikuwa wameshainama. Manyanda, mkewe, wakwe zake, kundi zima, wamekunja nguo, wanachomeka.

"Twende," nikasema.

"Tukapigane?"

"Tukapande!"

Tukaingia, tunakanyagia magugu kwenye tope na kuchomeka palepale. Sijawahi kupanda mpunga kwa hasira namna ile. Sisi tukishuka, wao wakija juu, hakuna anayemwita mwenzake, hakuna aliyeimba, unasikia tu miguu inavyochomoka kwenye matope. Kila nikiinua kichwa naona wamesogea, nawahimiza akina mama, nikiinua tena wamesogea tena. Nilikuwa nimeapa sitasimama mpaka nifike kwenye mfereji.

Nilisimama kwenye tuta kubwa. Si kwa kupenda. Mafungu tuliyobeba yalikwisha pale, mengine yamebaki kitaluni, na nilipoinuka kunyoosha mgongo nikamkuta Manyanda ng'ambo ya pili amesimama naye, fungu moja limebaki mkononi, anahema. Nyuma yake majaruba ya chini yote yalikuwa kijani. Nyuma yangu ya juu yote. Lilikuwa tuta lilelile alilosimama mama Suzana.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, ng'wana Luhende."

"Kesho nakwenda Mpanda kwa wakili. Nafungua upya."

"Nami nitakwenda. Hatutaachiana."

"Haya."

Nilidhani amemaliza. Akaangalia fungu lake la miche, akaligeuza.

"Siku ile," akasema, "alipomaliza kusoma yule mama, baba yako alinisogelea. Hapa hapa. Akaniambia kwa sauti ya chini, 'Manyanda, tukubali?'"

Nikahisi matope yamenishika miguu.

"Ukamjibuje?"

"Sikumjibu. Watu wa kwangu walikuwa wanazomea, na wa kwenu wanazomea. Nikajifanya sijasikia. Akangoja kidogo, halafu akaondoka."

Baba hakuwahi kuniambia. Alikaa kibarazani kwake jioni baada ya jioni, fimbo magotini, anauliza kesi imefikia wapi, na mimi nilidhani anauliza kama ameshinda.

"Mzee Manyanda!" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Majaji wa Rufani wamekuuliza una la kuongeza. Kwa mdomo wao. Mbona hukusema?"

"Waliuliza kama yalisomwa. Hilo hawakuliuliza."

Nilitaka kumtupia tope. Naapa nilitaka. Akina mama wa pande zote mbili walikuwa wameacha kazi, mikono inachuruzika maji, wanatuangalia kama siku ile.

"Ungemjibuje, kama watu wasingekuwepo?"

"Ningemwambia tukubali."

"Watu si hawa hapa?"

Akawaangalia. Akamwangalia mkewe, akawaangalia wakwe zake, akamwangalia Odeta aliyekuwa ameshika kiuno. Akavua kofia. Kisha akasema, kwa nguvu, kama vile anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto, "Tukubali!"

Wote wakanigeukia mimi. Alinyoosha lile fungu lake la miche juu ya tuta, akangoja.

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu Sumbawanga, pengine tangu mama Suzana alipokunja karatasi yake. Lakini nilimwona baba yangu amesimama hapo alipokuwa amesimama, anangoja, halafu anageuka kwenda na fimbo yake.

Nikainama, nikaanza kunyoosha mche mmoja uliolala kwenye mstari wangu. Nikanyoosha na wa pili. Jibu nitampa. Nilitaka kwanza naye ajue kungoja kukoje.